Kabla ya Chai Kulikuwa na Vita: Mapambano ya 1914–1918 na Urithi Wake katika Nchi ya Wakipsigis

Mazungumzo kwa wakazi, walimu na wanafunzi wa Wadi ya Siongiroi



Mtu akitoka Siongiroi asubuhi, akapita Bomet na kuelekea Kericho, mahindi na malisho ya ng'ombe hubaki nyuma na majani ya chai huanza kutanda pande zote mbili za barabara. Kwanza ni vishamba vya wakulima wadogo, kisha mashamba makubwa ya kampuni yasiyo na mwisho wa macho. Mtoto akimuuliza mzazi wake nani aliyapanda, jibu huwa jepesi: wazungu. Akiuliza waliipataje ardhi hiyo, na kwa nini wakati ule, jibu huwa refu. Sehemu kubwa ya jibu hilo haiko Kericho. Iko Kisii, Tanga, Taveta na kando ya mto Ruvuma, katika vita vilivyopiganwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mazungumzo haya yanafuata mapambano makuu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki, na kueleza kila pambano lilibadili nini. Mwisho wake ni kazi moja inayowasubiri wakazi wenyewe, kazi isiyohitaji fedha bali masikio na daftari.

VITA VILIVYOTOKA MBALI

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Chanzo cha vita kilikuwa Ulaya, lakini mataifa hayo mawili yalikuwa majirani huku pia. Nchi inayoitwa Kenya leo ilikuwa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kusini mwa mpaka, Tanzania Bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, ilikuwa koloni la Wajerumani. Mpaka kati yao ulikuwa mstari uliochorwa na wageni kutoka Ziwa Viktoria hadi pwani, ukiwakata Wamasai, Wakuria na Wajaluo vipande viwili.

Kwa nini nchi za Ulaya zipigane Afrika? Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni bandari na mitambo ya simu za upepo. Meli za kivita za Wajerumani zingeweza kupata makaa na habari Dar es Salaam, kisha kuzama meli za Waingereza katika Bahari ya Hindi. Ndiyo maana tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya vita kutangazwa, meli ya Uingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga mtambo wa Dar es Salaam. Sababu ya pili ni reli. Reli ya Uganda, kutoka Mombasa hadi Kisumu, ilipita karibu na mpaka wa Wajerumani, nayo ndiyo ilikuwa uti wa mgongo wa himaya. Ya tatu ni hesabu ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Yeye alijua hawezi kuwashinda Waingereza. Alichotaka ni kuwashughulisha askari wengi iwezekanavyo huku Afrika, ili wasipelekwe Ufaransa.

Hesabu hiyo ya tatu ndiyo iliyovifanya vita vya Afrika Mashariki kuwa virefu. Pia ndiyo iliyowaua watu wengi ambao hawakuwahi kushika bunduki.

KISII, SEPTEMBA 1914: VITA VYAFIKA JIRANI

Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwezi uliofuata vita viliwafikia majirani wa Wakipsigis. Kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka upande wa Ziwa Viktoria na kuingia mji wa Kisii, ambao maofisa wa Kiingereza walikuwa wameuacha. Tarehe 12 Septemba kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee walikizoea kwa jina la Keya, kilifika kutoka upande wa Kisumu na kuwashambulia. Walipigana siku nzima katika vilima vinavyouzunguka mji. Usiku ulipoingia kila upande ulikuwa umechoka, na Wajerumani wakarudi walikotoka.

Kwa kipimo cha Ulaya hilo lilikuwa pambano dogo. Wiki hiyohiyo, kando ya mto Marne nchini Ufaransa, majeshi ya watu zaidi ya milioni mbili yalikuwa yamekutana, na mbio za Wajerumani kuelekea Paris zikazuiwa. Lakini kwa watu wa nyanda hizi Kisii ilikuwa na maana kubwa. Wenyeji waliona kwa mara ya kwanza wazungu wakipigana wao kwa wao, na wakaona serikali ikikimbia. Baadhi ya Abagusii waliyavamia maduka na ofisi zilizoachwa. Serikali iliporudi iliwaadhibu vikali, ikachoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Funzo la kwanza la vita likawa hilo: wakubwa wanapogombana, bili hupelekewa mwenyeji.

TANGA, NOVEMBA 1914: SIKU NYUKI WALIPOINGIA VITANI

Waingereza walitaka kumaliza mambo haraka. Walileta kutoka India kikosi cha askari wapatao 8,000, wengi wao wakiwa hawajazoea mapambano na wamechoshwa na safari ndefu ya bahari. Meli zilifika mbele ya Tanga tarehe 2 Novemba 1914. Badala ya kushambulia papo hapo, ofisa wa Kiingereza alikwenda kwanza kuwapa Wajerumani taarifa kwamba mji utapigwa. Von Lettow alitumia saa hizo kuleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi, hata akawa na watu wapatao 1,000.

Mapigano yaliendelea hadi tarehe 5. Katika mashamba ya mkonge na minazi, kikosi kikubwa kilivunjwa na kikosi kidogo. Risasi zilipopiga mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, makundi ya nyuki yaliwashukia askari wa pande zote mbili, na habari hiyo ndiyo inayokumbukwa zaidi hadi leo. Waingereza walirudi melini na kuacha ufukweni mamia ya bunduki, bunduki 16 za rashasha na risasi zipatazo 600,000.

Hapo ndipo mkondo wa vita ulipogeuka mara ya kwanza. Laiti Tanga ingeanguka, huenda vita vya Afrika Mashariki vingekwisha mapema. Badala yake Wajerumani walipata silaha za kuendelea nazo, na Waingereza wakalazimika kujilinda kwa zaidi ya mwaka mzima. Katika 1915 vikundi vidogo vya Wajerumani vilivuka nyika ya Taita na kuitega Reli ya Uganda kwa baruti mara kwa mara.

Baharini nako kulikuwa na hadithi yake. Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji. Ilichukua Waingereza hadi tarehe 11 Julai 1915 kuiangamiza. Hata baada ya kuzama, Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi, wakaitia magurudumu na kuikokota nchi kavu kwa vita vingine. Waliovuta mizinga hiyo hawakuwa farasi. Walikuwa watu.

1916: MILIMA YA TAVETA NA KUANGUKA KWA MIJI

Mwanzoni mwa 1916 Waingereza walikuwa tayari kushambulia. Reli mpya ilikuwa inajengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Maelfu ya askari weupe wa Afrika Kusini waliletwa, na Jenerali Jan Smuts akapewa uongozi.

Kabla Smuts hajafika, tarehe 12 Februari 1916, askari hao wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Wengi wao walikuwa wakiwadharau askari Waafrika na Wahindi. Walipokimbizwa na askari wa von Lettow, waliowasitiri walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India. Dharau hiyo ilipungua siku hiyohiyo.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 na 12 Machi, vilima vya Latema na Reata vilitwaliwa baada ya mapigano makali ya usiku, na Moshi ikaanguka tarehe 13. Tangu hapo Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma. Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba 1916. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliotokea Kongo waliingia Tabora. Reli ya Kati yote ikawa mikononi mwa maadui wa Ujerumani.

Mwanafunzi akitazama ramani ya mwaka huo anaweza kudhani vita vilikuwa vimekwisha. Smuts mwenyewe alisema hivyo alipoondoka mwanzoni mwa 1917. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshika miji, lakini jeshi la von Lettow lilikuwa bado zima, kusini mwa Rufiji. Na jeshi la Smuts lilikuwa linakufa bila kupigwa risasi. Mbung'o waliua farasi na maksai kwa maelfu. Malaria na kuhara damu viliwaangusha askari weupe, na wengi walirudishwa makwao.

Hapo vita viligeuka mara ya pili, na mageuzi haya yaliihusu kila nyumba ya Mwafrika. Askari wa Ulaya na Afrika Kusini wakishindwa na nchi, basi vita vitapiganwa na Waafrika. Wanyama wakifa, mizigo itabebwa na Waafrika.

1917: KEYA NA KARIAKOO

Vita vilipoanza Keya ilikuwa na askari wasiozidi 2,500. Vilipokwisha ilikuwa na zaidi ya 30,000. Wanigeria na askari wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, waliletwa pia. Wanandi na Wakipsigis walikuwa miongoni mwa jamii zilizoandikwa jeshini. Ng'ombe wa nyanda hizi nao walitakiwa, kwa nyama na kwa kukokota magari.

Lakini idadi kubwa zaidi ilikuwa ya wapagazi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili uliligeuza jina hilo likawa Kariakoo, na mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ingali inalibeba. Sheria ya mwaka 1915 iliiruhusu serikali kuwakamata wanaume kwa nguvu kwa kazi hiyo. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyewahi kuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, alipewa kazi ya kuusimamia msako mkubwa kuliko yote. Kila chifu aliambiwa idadi ya watu anaotakiwa kutoa. Wanaume walichukuliwa mashambani, sokoni na usiku wakiwa nyumbani mwao.

Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo zipatazo 25, mbali na kitanda na chakula chake. Lazima hesabu hii ieleweke, maana ndiyo iliyoua. Mpagazi anayekwenda mwendo wa siku nyingi hula sehemu ya chakula kilichobebwa. Kwa hiyo kadiri askari walivyozidi kusonga mbele kutoka kwenye reli, ndivyo wapagazi walivyohitajika zaidi, wengine wakiwabebea chakula wapagazi wenzao. Mvua ziliponyesha mwanzoni mwa 1917 na bonde la Rufiji likafurika, mnyororo huo ulikatika. Watu walikufa njaa na mzigo wa chakula u njiani.

Waliotoka nyanda za baridi waliumia zaidi. Mtu aliyelelewa kwa ugali wa wimbi na mursik alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, asipate muda wala kuni za kuupika ukaiva. Tumbo lilikataa. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliua wapagazi wengi kupita risasi. Hesabu rasmi ya Waingereza ilitaja vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa vilifika takriban 100,000. Upande wa Wajerumani wapagazi wao walikufa pia bila hata kuandikwa. Husemwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika vita hivi nyasi ziliumia, na zilitakiwa pia kuwabebea tembo mizigo yao.

Pambano moja kubwa sana lilitokea Mahiwa, karibu na Lindi, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Von Lettow akiwa na watu wapatao 1,500 alipambana na askari wapatao 5,000. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu hao, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wajerumani walipoteza kama 500. Kwa hesabu ya siku hiyo Wajerumani walishinda. Lakini Uingereza ingeweza kuleta askari wengine, naye von Lettow hakuwa na wengine wa kuleta, na risasi zake zilikuwa zinakwisha. Ushindi huo ndio uliomfukuza. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, iliyokuwa ya Wareno, akaipiga kambi yao ya Ngomano na kunyakua silaha na chakula.

1918: MWISHO ULIOCHELEWA

Mwaka 1918 hatima ya vita ilikuwa inaamuliwa Ufaransa. Marekani ilikuwa imeingia upande wa Uingereza na Ufaransa tangu Aprili 1917. Urusi ilikuwa imejitoa baada ya mapinduzi yake. Wajerumani walijaribu kushinda kabla Wamarekani hawajafika kwa wingi, wakashambulia kwa nguvu zote kuanzia Machi 1918. Walishindwa, na kuanzia Agosti walirudishwa nyuma bila kukoma hadi wakaomba amani. Mizinga ilinyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi.

Huku Afrika hakuna aliyemwambia mpagazi. Von Lettow alikuwa amezunguka Msumbiji, akarudi Tanganyika, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Habari ilimfikia siku mbili tatu baadaye. Tarehe 25 Novemba alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, mbali na wapagazi, wanawake na watoto waliofuatana nao. Vita vilivyoanza Ulaya vilimalizikia Zambia, wiki mbili baada ya kwisha kwao.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, upande wa pili wa mpaka wa Bomet na Narok ya leo, wamorani wa Kimasai waliokataa kuandikwa jeshini walikabiliwa kwa risasi huko Ololulunga. Na bandarini Mombasa ulikuwa umeshuka ugonjwa wa homa ya mafua, ulioifuata reli hadi vijijini. Ukame na njaa vilikuja pamoja nao. Waliorudi kutoka Kariakoo walikuta maboma mengine yamefungwa.

KUTOKA MEDANI HADI MASHAMBA YA CHAI

Sasa ni zamu ya swali la mtoto barabarani.

Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi waliopigana. Mashamba zaidi ya 1,000 yaligawiwa katika nyanda za juu, mengine kwa bahati nasibu iliyochezwa Nairobi na London. Sharti lilikuwa moja ambalo halikuweza kutimizwa na askari wa Keya wala mpagazi: mwombaji awe wa asili ya Ulaya. Mtu angeweza kubeba mzigo kutoka Voi hadi Ruvuma, akarudi, na asipewe hata kiwanja cha kujenga nyumba. Wengine, miongoni mwao Wanandi, walikuta ardhi yao ndiyo inayogawiwa.

Huko Kericho ekari zipatazo 25,000 zilimegwa kutoka ardhi ya Wakipsigis na kupewa chama cha maofisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani. Chama hicho kilijulikana kwa kifupi kama BEADOC. Maofisa hao hawakuja kulima chai. Walikuja kulima kitani, mmea ambao nyuzi zake hutengenezwa nguo, na ambao bei yake ilikuwa imepanda wakati wa vita. Amani iliporudi bei ikaanguka. Baada ya miaka michache mradi huo ulikufa. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 iliuzwa kwa kampuni ya James Finlay ya Scotland, wakati ambapo kampuni ya Brooke Bond nayo ilikuwa inaingia Kericho. Ndipo chai ilipopandwa kwa maelfu ya ekari.

Huo ndio mnyororo. Tanga haikuanguka, vita vikarefuka. Vita vikarefuka, wapagazi wakakamatwa na maofisa wakajeruhiwa. Maofisa wakalipwa kwa ardhi, na ardhi ikatoka kwa watu ambao vijana wao nao walikuwa wamepelekwa vitani.

Kuna pete nyingine ya mnyororo huo. Wakati wa kuwasaka wapagazi serikali iligundua kuwa haina orodha ya wanaume wa Kiafrika. Sheria ya kuwaandikisha ilipitishwa 1915, na vita vilipokwisha ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kutiwa alama za vidole na kubeba kipande, katika kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Bila kipande hakuna kazi wala safari. Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake mwenyewe kwa biashara hadi miaka ya 1950. Mkulima mdogo wa leo anayepeleka majani yake kwenye kituo cha kununulia anafanya jambo ambalo babu yake alinyimwa.

MAJINA YAKO WAPI?

Katika makaburi ya kijeshi ya Voi na Taveta mawe yamepangwa kwa mistari, kila moja na jina. Wapagazi hawamo. Jijini Nairobi, kando ya Barabara ya Kenyatta, zipo sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari Waafrika, Waarabu na wapagazi. Ni heshima, lakini hazina jina hata moja.

Hiyo haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume hiyo iliomba radhi na kuahidi kuyatafuta majina. Lakini hakuna tume inayoweza kuandika jina ambalo halikuandikwa popote. Baadhi ya majina hayo yamebaki mahali pamoja tu, nayo ni kumbukumbu za wazee. Na kila msimu wazee wanaondoka.

Mishahara nayo. Wapagazi wengi walikufa kabla ya kulipwa, na suala la fedha zao lilijadiliwa kati ya Nairobi na London kwa miaka mingi. Jibu lililotolewa lilikuwa kwamba jamaa zao hawawezi kupatikana. Jina lisiloandikwa ni deni lisilolipwa. Leo madai ya Wakipsigis na Watalai kuhusu ardhi yamefika Tume ya Kitaifa ya Ardhi na wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Katika madai ya namna hiyo ushahidi wa ukoo, jina na mahali una uzito wake.

Kwa hiyo kazi ya wakazi ni hii.

Kwanza, waulizeni akina kugo na kogo. Msianze na swali la mwaka, kwa kuwa wazee wa zamani hawakuhesabu hivyo. Ulizeni ibinda: aliyekwenda vitani alikuwa Nyongi, Maina au rika lipi? Ulizeni jina lake kamili, ukoo wake, alikotoka, alichukuliwa na nani, alirudi au hakurudi, na kama alirudi alikuja na nini. Habari ya mtu aliyekwenda asionekane tena ni habari kamili. Iandikeni vilevile.

Pili, tunzeni vitu. Medali kuukuu inaweza kuwa na namba na jina vilivyochongwa ukingoni. Isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma, wala isisuguliwe hadi maandishi yafutike. Kikopo cha kipande, barua, karatasi ya kuachishwa jeshi: viwekwe pakavu, vipigwe picha, na nakala apewe mtu wa pili katika familia.

Tatu, walimu na wanafunzi mnaokwenda Nairobi, Idara ya Kitaifa ya Nyaraka iko wazi kwa umma. Mkitafuta neno Bomet katika mafaili ya wakati huo hamtapata mengi, maana Bomet ilikuwa sehemu ya Kericho hadi 1992. Tafuteni Kericho na Lumbwa Kusini. Maofisa wa wakati ule waliwaita Wakipsigis Lumbwa, na kwa jina hilo ndivyo vijana wengi walivyoandikwa. Mjukuu asiyejua jambo hilo anaweza kulipita jina la babu yake bila kulitambua.

Nne, soma kwa sauti. Kila shule iliyo katika wadi hii inaweza kuwa na daftari moja la majina, likiandikwa na wanafunzi na kusomwa mbele ya wazee mara moja kwa mwaka, ili aliyekosewa jina asahihishwe na aliyesahauliwa aongezwe. Daftari hilo halitakuwa na jenerali hata mmoja. Majenerali wana vitabu vyao. Litakuwa na watu waliotembea kutoka vilima hivi hadi Ruvuma kwa miguu, na jina la kila mmoja likiisha na arap fulani, yaani mwana wa fulani, kwa sababu kila mmoja alikuwa na baba aliyemngojea mlangoni.